Bi. Zeddy Chepkemoi wa Baraza la Waya

Bi. Zeddy Chepkemoi aliajiriwa na Ushirika wetu wa maziwa na pareto, makao makuu mjini Nakuru, tarehe 4 Septemba 1961. Anastaafu Jumamosi hii, tarehe 30 Juni 1979. Kwa karibu miaka kumi na minane amekalia kiti kile kile mbele ya swichibodi ile ile ya simu, akiunganisha wanaopiga, na amefanya kazi chini ya mameneja wanne. Watatu wa kwanza walimshukuru.

Ofisi iliniomba ukurasa mmoja wa kuweka katika programu ya sherehe. Iliniletea na maneno ya kutumia: "mhudumu mwaminifu", "sauti ya upole", "mfano kwa akina mama". Nilipokuwa katibu wa Ushirika niliwaandikia wastaafu wengi kurasa za namna hiyo, na najua sukari huwekwa kiasi gani. Safari hii sina sukari. Daktari ameniambia waziwazi kwamba mahindi yaliyo shambani sasa huenda nisiyaone yakivunwa, na mtu aliyeambiwa hivyo hana tena sababu ya kumwogopa meneja. Basi nitayaandika niliyoyaona, hapa kitandani Kiamunyi, nikiwa na hasira. Mhariri ameahidi kutogusa neno. Akigusa, Bi. Zeddy mwenyewe atamuuliza.

Alizaliwa Keringet, akasoma shule ya misheni, akafundisha darasa la tatu kwa muda kabla ya kuja mjini. Tangazo la kazi lilitaka mtu mwenye sauti laini. Yeye hakuwa nayo wakati huo na hajaipata mpaka leo. Aliajiriwa kwa sababu siku ya majaribio laini ilikuwa mbovu kwa mvua, na kati ya wote waliojaribu ni yeye tu aliyesikika Molo.

Vijana wa leo hawaijui laini ile, kwa hiyo nitaieleza. Waya ilikuwa moja. Ilitoka Nakuru, ikapita Njoro na Elburgon, ikafika Molo, kisha ikapanda hadi Keringet, na matawi yetu tisa yote yalining'inia juu yake kama nguo kwenye kamba. Kila tawi lilikuwa na mlio wake. Elburgon ilikuwa mlio mrefu na miwili mifupi; Keringet ilikuwa mitatu mifupi. Simu ya mmoja ililia kwa wote, na kila mtu alijua ni nani anayetafutwa. Na kila mtu aliinua mkono wa simu asikilize. Hakuna aliyeona haya. Ulikuwa ukimwambia daktari wa mifugo juu ya ng'ombe wako asubuhi, na mchana mtu wa tawi la tatu anakupa pole.

Meneja wa kwanza alichukia jambo hili na akabandika matangazo ya kulikataza katika kila tawi. Hayakusaidia kitu. Bi. Zeddy hakukataza. Aliitumia tabia hiyo hiyo, na hapo ndipo habari yake yote ilipoanzia.

Ilikuwa mvua za masika mwaka 1963. Lori la maziwa lilikwama kwenye tope kabla ya Elburgon, na matawi ya mbele yalipaswa kuambiwa yasiteremshe madebe barabarani. Kuita tawi moja moja kungechukua asubuhi nzima. Bi. Zeddy alizungusha mpini wa simu kwa mlio mmoja mrefu ambao haukuwa wa mtu yeyote, na matawi yote yakainua.

"Mko wote, na najua mko wote," alisema. "Kemboi wa Keringet, nakusikia unapumua. Acha kupumua kama ng'ombe, sikiliza."

"Mama, mimi nimeinua sasa hivi tu."

"Umeinua tangu jana. Lori limekwama. Maziwa yasitoke. Nani ana trekta?"

Karani wa Njoro akasema kwao liko, lakini dereva amesafiri. Molo ikasema dereva wanaye. Kabla ya chai, trekta la Njoro lilikuwa limelivuta lori likiendeshwa na mtu wa Molo, na hakuna aliyekuwa ametoa amri. Walikuwa wamezungumza tu, wote kwa pamoja, kila mmoja mahali pake. Kabla ya siku hiyo tawi lilizungumza na ofisi, na ofisi ikaamua inachotaka kuliambia tawi jingine.

Kesho yake, saa moja asubuhi, maziwa yalipokwisha kupokelewa, alipiga tena mlio ule mrefu. Na siku iliyofuata. Wanachama ndio walioupa mkutano huo jina: Baraza la Waya.

Lilikuwa na kasoro yake. Kila mkono wa simu ulioinuliwa ulipunguza nguvu ya waya, na matawi tisa yakiinua pamoja, sauti ilifika Keringet kama mtu aliyeanguka kisimani. Bi. Zeddy alimwita Bwana Joginder, fundi wa redio na simu aliyekuwa na duka karibu na soko, akataka kila simu iwekewe kitufe: unayesema unabonyeza, usiyesema huli nguvu ya wenzako. Bwana Joginder alizunguka matawi yote na sanduku lake, akilalamika njia nzima.

"Mama, hii si simu tena," alimwambia aliporudi. "Hii ni kanisa."

"Kanisani hawakatizani," akamjibu. "Nitashukuru tukifika hapo."

Walifika, kwa sababu aliwasukuma. Aliweka taratibu ambazo leo kila karani anazijua kwa moyo na hakuna anayekumbuka kwamba mtu alizitunga. Unataja tawi lako kwanza, ndipo unasema. Huzungumzi mpaka utajwe. Humjibii mwenzako aliyeulizwa. Asiyekuwepo, ujumbe wake unashikwa na jirani yake kwenye waya, na jirani haruhusiwi kuufupisha. Hii ya mwisho tulijifunza kwa hasara: karani mmoja aliambiwa awaeleze jirani zake wasilete pareto Jumatano kabla ya saa sita, naye akaona maneno ni mengi, akawaambia wasilete pareto Jumatano. Maua ya pareto yakabaki majumbani, yakachemka na kuharibika magunia mazima. Bi. Zeddy alimwita kwenye waya mbele ya matawi yote. "Ujumbe haukuwa wako," alisema. "Ulipewa kuubeba, hukupewa kuukata." Mpaka leo, anayepokea ujumbe wa mwenziwe huurudia neno kwa neno kabla ya kushusha simu.

Na alikuwa na plagi ya swichibodi, iliyounganisha waya. Yeyote aliyezidisha, aliing'oa akamkata. Mwenyekiti wa bodi wa wakati ule, mzee wa Molo aliyependa hotuba, alianza asubuhi moja kuwasimulia wanachama safari yake ya Kampala huku maziwa yakingoja lori.

"Molo, muda wako umekwisha," Bi. Zeddy alisema.

"Wewe unajua unaongea na nani?"

"Najua, mzee. Ndiyo maana nimekuacha mpaka sasa."

Kisha akaing'oa plagi. Tulidhani kazi yake imekwisha siku hiyo. Asubuhi ya pili mzee alikuwa wa kwanza kuinua simu, akangoja zamu yake, akasema maneno mawili ya maana na kushukuru. Walikuwa viongozi wa namna hiyo siku zile.

Mwaka 1966 aliugua kwa majuma mawili, na kila mtu akafikiri Baraza litalala naye. Keringet ikaliendesha. Kemboi, yule mwenye kupumua, alishika uenyekiti, na baada yake Njoro, na baada yao Elburgon. Bi. Zeddy aliporudi alikasirika sana kukuta limekwenda vizuri bila yeye. Alinuna siku nzima. Kisha akatangaza kwamba tangu hapo uenyekiti utazunguka matawi yote, mwezi mmoja kila tawi, na yeye atabaki kuunganisha waya. Sijaona meneja hata mmoja aliyewahi kufanya hivyo na kiti chake.

Wanaosema hayo yalikuwa maongezi ya makarani wakumbuke mwaka 1968. Asubuhi hiyo Jepkosgei, karani wetu wa Elburgon, alitaja kwa kupita kwamba ng'ombe wawili wa jirani yake wanatoa mate na hawataki kusimama.

"Elburgon, rudia," Bi. Zeddy alisema.

"Wanatoa mate. Miguu inawauma. Labda wamekanyaga mawe."

"Keringet hapa," akasema Kemboi. "Hata kwetu wako. Tangu Jumapili. Mimi nilifikiri wamekula maua ya pareto."

"Wewe kila ugonjwa kwako ni pareto," akasema mtu wa Njoro. "Hao ng'ombe wamenunuliwa, ama wamezaliwa hapo?"

Wamenunuliwa. Wa Elburgon pia. Na kwa mchuuzi mmoja, aliyelaza kundi lake Molo kwa mtu ambaye karani wa Molo alimjua kwa jina. Hakuna aliyekuwa na habari kamili; kila mmoja alikuwa na kipande. Kabla hawajashusha simu walikuwa wamekubaliana kufunga majosho yote na kuzuia ng'ombe yeyote kupita barabarani, na kila tawi likatuma mtu kwenda kumzuia mchuuzi upande wake. Daktari wa mifugo wa serikali alipofika siku ya pili kutangaza karantini ya ugonjwa wa miguu na midomo, alikuta mageti yamekwisha kufungwa kuanzia Njoro hadi Keringet. Aliuliza ni nani aliyetoa amri. Kemboi akamwambia, "Waya."

Nyumba nyingi zinazosoma programu hii zina ng'ombe leo kwa sababu ya asubuhi ile. Wasomao wenye ng'ombe, someni polepole yanayofuata.

Bwana Peterson Nderitu alikuja kuwa meneja wetu mwaka 1973. Ni msomi, anavaa vizuri, na hesabu za Ushirika amezinyoosha, hilo silikatai. Lakini tangu siku ya kwanza Baraza lilimkera. Alikuwa na simu yake ofisini juu, na kwa utaratibu wa Bi. Zeddy ofisi nayo ni tawi kama matawi mengine, tena huitwa mwisho. Meneja mzima anaitwa baada ya Keringet.

Mwaka 1975 alikuja mtaalamu kutoka ng'ambo kuchunguza vyama vya ushirika. Alipangiwa siku mbili kwetu. Alipolisikia Baraza, alikaa majuma matatu. Asubuhi zote aliketi nyuma ya Bi. Zeddy na vipokea sauti masikioni, akinong'onezewa tafsiri, akiandika. Alitueleza kwamba kwao Marekani watu walioko miji mbalimbali wameanza kuunganishwa na kompyuta moja, kila mmoja na mashine yake ya kupigia chapa, wakitoa hoja na kujibizana kana kwamba wamo chumba kimoja. Na aliyekuwa amelala, akiamka hukuta maneno ya wenzake yanamngoja. Alisema mashine si tatizo kubwa. Tatizo ni ile programu ya kuiongoza mashine: nani aseme lini, nani asome nini, na maneno ya asiyekuwepo yawekwe wapi.

"Hayo sisi tulimaliza zamani," Bi. Zeddy alisema. "Muulizeni: hiyo kompyuta, mwenyekiti akizidisha, inamkata?"

Mtaalamu alicheka alipotafsiriwa. Kisha akaacha kucheka, akaandika.

Taarifa yake ilichapwa vizuri, karatasi nzito. Inasifu "utaratibu wa majadiliano uliobuniwa na uongozi wa Ushirika" na kumshukuru Bwana Nderitu kwa jina mara tatu. Kila kanuni imo: kutaja tawi, kungoja zamu, ujumbe wa asiyekuwepo, uenyekiti wa kuzunguka. Bi. Zeddy hayumo. Kuna picha moja ambayo ndani yake unauona mkono wake umeshika plagi. Uso umekatwa.

Kwa taarifa hiyo Bwana Nderitu alialikwa Nairobi kusimama mbele ya watu na kueleza alivyofikiri mpaka akaubuni utaratibu ule. Alirudi na ngao ya mbao, ikatundikwa kwenye ukuta wa mapokezi. Bi. Zeddy alipita chini yake kila asubuhi akienda kwenye kiti chake. Nilimuuliza kama haimuumi. "Inaniuma kama kiatu," alisema. "Lakini kazi inaendelea, na kiatu navaa."

Kama mambo yangeishia hapo, labda ningeweka sukari kidogo katika ukurasa huu. Hayakuishia hapo. Januari mwaka huu mtu yule yule mwenye ngao alitangaza kwamba laini ya pamoja itakatwa. Kila tawi litapewa laini yake ya kuja Nakuru peke yake, na Nakuru itawekwa mashine ya teleksi ya kupokea maagizo na kutuma ripoti. Waya kati ya tawi na tawi itateremshwa kutoka kwenye nguzo. Siku iliyopangwa ni jioni ya tarehe 30 Juni, baada ya hotuba na soda. Mafundi wamekwisha kuitwa.

Bi. Zeddy alimkuta kwenye ngazi. Wahasibu waliokuwa mlangoni waliyasikia haya, na watatu kati yao wamenisimulia kwa maneno yale yale.

"Matawi yatazungumza na ofisi?" aliuliza.

"Ndiyo, madam. Moja kwa moja. Bila kelele."

"Na ofisi itazungumza na matawi."

"Bila shaka."

"Na tawi na tawi?"

"Hayana haja ya kuzungumza," akasema Bwana Nderitu. "Yakiwa na jambo, yatatuletea sisi. Wewe, madam, umefanya kazi ya kutosha. Nenda upumzike."

Hayana haja. Nimeyarudia maneno haya kitandani mpaka mke wangu ameniomba niyaache. Jepkosgei hakuwa na haja ya kuambiana na Kemboi juu ya mate ya ng'ombe. Angeandikia ofisi, ofisi ingeweka kwenye faili, na faili lingengoja meneja arudi kutoka Nairobi kueleza jinsi alivyolibuni Baraza. Mtu amepokea sifa ya jambo kwa miaka minne, na hajawahi kulielewa hata dakika moja. Kama angelielewa asingelikata.

Bi. Zeddy hakulia, hakuandika malalamiko, na hakuomba aongezwe muda wa kazi. Alitaka kitu kimoja tu: aiache laini nyuma yake ikiwa hai. Wanachama walipomuuliza ni zawadi gani anataka, akawaambia hataki sofa wala saa ya ukutani. "Nikilala Keringet," alisema, "nataka nijue saa moja watu wanazungumza."

Jumanne ya wiki iliyopita, Baraza lilipomaliza habari za maziwa, aliomba nafasi. Hakuwahi kuomba nafasi tangu alianzishe. Kazi yake ilikuwa kuwapa wengine. Mwezi huu uenyekiti uko Keringet, kwa hiyo aliyemruhusu alikuwa Kemboi.

"Nina swali kwa matawi," alisema. "Ni swali langu, na kwa hiyo si haki niliendeshe mimi. Laini ikatwe ama ibaki? Kemboi, uliza."

Kemboi ni mzee sasa na bado anapumua vile vile. Aliita tawi moja moja, bila haraka.

"Njoro?"

"Njoro hapa. Ibaki."

"Elburgon?"

"Elburgon hapa. Ibaki, na atakayepanda nguzo za kwetu ajue atateremka vipi."

"Elburgon, jibu swali tu."

"Nimejibu. Ibaki."

Molo ikasema ibaki. Matawi yote tisa yakasema ibaki, la tisa likiwa Keringet yake mwenyewe. Ikabaki sauti moja.

"Ofisi?" Kemboi akaita.

Hapa lazima nieleze jambo moja kwa wasiokuwa wanachama. Mkutano mkuu wa mwaka 1970 uliamua kwamba neno lolote lililokubaliwa na matawi yote pamoja na ofisi katika Baraza lina nguvu ya azimio la mkutano mkuu, na meneja hawezi kulitengua peke yake. Na kwa kuwa kulikuwa na watu waliopenda kunyamaza ili kesho waseme hawakuwepo, wanachama waliongeza siku hiyo hiyo: aliye kwenye laini, akaitwa mara tatu asijibu, amehesabiwa pamoja na wenzake.

"Ofisi?" Kemboi akaita mara ya pili.

Bwana Nderitu alikuwa kwenye laini. Taa yake ya swichibodi ilikuwa ikiwaka mbele ya Bi. Zeddy, ishara kwamba ameinua simu. Nadhani aliona haya kusema "ikatwe" mbele ya watu wote wakisikia, yeye aliyetunukiwa kwa kulibuni Baraza. Nadhani pia alidhani ukimya ni wa wakubwa, na kwamba makarani wataogopa kuupa maana. Alibonyeza kitufe, na alichosikika akifanya ni kitu kimoja tu. Alikohoa.

"Ofisi, mara ya tatu."

Kimya.

"Ofisi imenyamaza," Kemboi akasema. "Ofisi imekubali. Laini inabaki. Baraza limekwisha, mchana mwema."

Wahasibu wanasema meneja alishuka ngazi mbili mbili.

"Hiyo haihesabiwi!" alisema. "Mimi sikuwa kwenye simu."

"Ulikohoa, bwana," Bi. Zeddy akamwambia bila kugeuka.

"Mtu yeyote anaweza kukohoa!"

Na kutoka kwenye waya, kwa sababu watu wetu hawajawahi kushusha simu wanapoambiwa Baraza limekwisha, sauti ya Jepkosgei ikasikika chumba kizima: "Hicho ni kikohozi cha meneja. Hata ng'ombe wa huku wanakijua."

Mtu wa Njoro akasema ni kweli. Molo ikathibitisha. Bwana Nderitu alisimama pale akisikiliza matawi tisa yakishuhudia kikohozi chake, moja moja, kila tawi likitaja jina lake kwanza, kisha akapanda ngazi polepole. Mafundi wameambiwa wasije. Azimio limekwisha kuandikwa, na litasomwa ukumbini Jumamosi kabla ya chakula.

Nami nina la kukiri, na sina muda wa kungoja nafasi nyingine. Mtaalamu yule alipouliza mwaka 1975 ni nani aliyebuni utaratibu, tulikuwa watatu mezani: yeye, Bwana Nderitu na mimi niliyekuwa natafsiri. Bwana Nderitu alijibu kwamba ni ofisi. Mtaalamu akanigeukia mimi, katibu, nithibitishe. Nikaangalia kikombe changu. Kwa kanuni ya wanachama, nilihesabiwa pamoja naye, na taarifa ikachapwa hivyo. Sikukubali, Bi. Zeddy. Naliandika hapa mbele ya matawi yote ili lisibaki hivyo: Baraza la Waya lilibuniwa na Zeddy Chepkemoi wa Keringet, mwaka 1963, lori likiwa kwenye tope. Aliyetundika ngao ukutani anajua pa kuipeleka.

Kiti chake kitashikwa kuanzia Jumatatu na Bi. Manju, ambaye Bi. Zeddy amemfundisha mwenyewe kwa miaka sita. Nimesikia ofisini wanafurahi kwamba Bi. Manju ni mpole. Juzi alimkata mwenyekiti wa bodi katikati ya neno "kwanza". Wacha wafurahi.

Kwa niaba ya matawi tisa, na kwa niaba ya wale waliokwisha kutangulia ambao sauti zao zilipita mikononi mwako, tunakushukuru, Bi. Zeddy, kwa kutukaripia mpaka tukajua kusikilizana. Nenda nyumbani ukanywe maziwa yasiyongoja lori. Lala mpaka jua likuchome. Mungu akupe nguvu za miguu na masikio yasiyochoka. Keringet wamekubali kukuwekea kiti karibu na simu ya tawi, na kwa masharti ya Kemboi ambayo ameniomba niyachape: ukitaka kusema, utangoja utajwe, na usipumue kwa nguvu.